Wahudumu wa mama hawadumu

SWALI: Mama yetu alipata kiharusi, upande wa kushoto umepooza na hawezi kujigeuza kitandani. Dada tuliyemwajiri kumhudumia analala naye chumba kimoja. Huyu ni wa tatu na ameshaaga, ingawa mshahara tuliongeza. Tunakosea wapi?
Msomaji, Ujiji, Kigoma

JIBU: Tuangalie usiku kwanza. Mgonjwa wa namna hii hugeuzwa takribani kila baada ya saa 2 ili asipate vidonda vya mgandamizo, yaani vinavyotokana na kulalia sehemu moja kwa muda mrefu. Kama dada ndiye anayeamka kila mara, basi halali, na nyongeza ya mshahara haiwezi kulipia usingizi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inampa mfanyakazi saa 12 mfululizo za mapumziko kila siku. Kwa anayeishi hapohapo kazini, zinaweza kupungua hadi 8. Kuna pia saa 24 za mapumziko kila wiki, na likizo ya siku 28 kwa mwaka.

Gawaneni zamu. Dada amgeuze mama saa 3 usiku akisaidiwa na ndugu, kisha akalale chumba kingine. Ndugu wawili washike saa 5, saa 7 na saa 9, naye dada apokee saa 11 alfajiri, pia kwa msaada wa ndugu. Mchana apumzishwe pia, maana kikomo ni saa 9 za kazi kwa siku. Zinazozidi ni ovataimu.

La pili ni mgongo wa dada. Tafiti za Marekani kuhusu wahudumu wa majumbani zinarudia sababu zilezile za kuacha kazi: malipo duni, mafunzo haba, kuumia wakati wa kunyanyua wagonjwa. Kwa hiyo msimnyanyue mama. Kunjeni shuka mara mbili, ilazwe chini yake kuanzia mabegani hadi mapajani, watu wawili waivute pamoja. Mlazeni kiubavu, asiegemee nyonga moja kwa moja: mto mgongoni, mwingine katikati ya magoti, na mwingine chini ya mashavu ya miguu ili visigino visiguse godoro. Mkono uliopooza usivutwe kamwe. Bega lake huteguka kirahisi.

Kila mnapomgeuza, papaseni kiunoni kwa nyuma, nyonga na visigino. Kwenye ngozi nyeusi wekundu hauonekani vizuri. Tafuteni joto, ugumu au rangi iliyobadilika. Hapo pasisuguliwe wala kukandwa, watu wengi hufanya hivyo na kuongeza jeraha. Msimlaze upande huo, na kama hali haijabadilika, aonwe na mhudumu wa afya kabla ngozi haijapasuka.