Maswali ya Wasomaji: TV Kaanzisha Nani, na Kweli Zanzibar Walitutangulia?

SWALI: Za kazi kaka mhariri. Huku Mikindani kijiweni kwetu tumebishana mpaka kahawa ikapoa. Mimi nasema TV kaanzisha Baird wa Uingereza, mwenzangu anasema ni Mmarekani, halafu mzee wetu mmoja akaja na lake, eti Zanzibar walikuwa na TV ya rangi wakati Bara hatuna TV yoyote. Nani mkweli?
Msomaji, Mikindani, Mtwara

JIBU: Mdogo wangu, naanza na huyo mzee, mpeni heshima yake maana kasema kweli tupu. Zanzibar walianza kurusha matangazo mwanzoni mwa miaka ya 1970, na walianza na rangi moja kwa moja. Huku Bara tumekaa mpaka 1994 ndo zikaja ITV na CTN, za watu binafsi, TV ya serikali ikafuata baadae. Serikali ya Mwalimu iliona TV ni anasa, nchi bado inahangaika na shule na visima, redio inatosha. Mimi hoja ile naielewa ila roho inaniuma, fikiria ngoma za sindimba na mapiko za wazee wetu wa miaka ile zingekuwa zinaonyeshwa kila wiki leo tungekuwa na hazina ya namna gani.

Sasa nyie wawili. Baird ni Mskoti, na kweli tarehe 26 Januari 1926 pale London aliwaonyesha wanasayansi picha ya sura ya mtu inayotembea kwenye mtambo wake. Huyu bwana alianza kwa shida sana, mitambo yake ya mwanzo aliiunga kwa sanduku la majani ya chai, lenzi za taa za baiskeli na sindano za kufumia. Mwaka 1925 alikuwa anajaribu na kichwa cha mwanasesere kwasababu taa zilikuwa na joto kali mno, alipotaka sura ya binadamu akamchukua kijana wa ofisi ya chini, William Taynton, kijana akakimbia lile joto mpaka akapewa hela kidogo ndo akarudi kukaa. Mtambo wenyewe ulikuwa sahani inayozunguka yenye matundu, kila tundu linachora mstari mmoja wa picha, na wazo la hiyo sahani si lake, ni la Mjerumani Paul Nipkow toka 1884. Picha ya Baird ilikuwa mistari 30 tu, hata chenga za antena zetu zina nafuu.

Mwenzio nae ana haki yake. Mmarekani Philo Farnsworth, mtoto wa mkulima, inasimuliwa alipata wazo akiwa na miaka 14 hivi akiangalia matuta ya shamba, kwamba picha inaweza kusomwa mstari kwa mstari kama mtu anavyolima tuta kwa tuta. Tarehe 7 Septemba 1927 San Francisco akarusha picha kwa umeme mtupu bila sahani inayozunguka. Ilikuwa mstari mmoja tu lakini ndo njia iliyoshinda. BBC walipoanza matangazo ya kila siku Novemba 1936 walipokezanisha mitambo miwili, wa Baird wa mistari 240 na wa kampuni ya Marconi-EMI wa umeme wa mistari 405, na kabla 1937 haijafika mbali wa Baird ukawekwa pembeni. Septemba 1939 vita ilipoingia wakazima kabisa, waliogopa mawimbi yataongoza ndege za adui, wakawasha tena Juni 1946.

Kwahiyo wa kwanza kuonyesha sura ya mtu ni Baird, ila TV tuliyokuja kuiangalia sisi imetoka njia ya Farnsworth na wenzake wa umeme.

SWALI: Kwanini TV za zamani zilikuwa na chogo?
Msomaji, Lindi mjini

JIBU: Dada, kule nyuma kwenye chogo ndo kuna bomba linalofyatua elektroni, vichembe vidogo mno vya umeme, kuja kugonga kioo, zinapindishwa na sumaku ili zifagie kioo chote kushoto kulia juu mpaka chini. Lazima zipate umbali wa kutanuka, kioo kikiwa kikubwa na chogo linarefuka, ndo maana ile ya inchi 21 ilikuwa inakula nusu ya meza.