Sangara hakai chini ya zulia la magugu

SWALI: Shikamoo mtaalamu. Mimi ni mvuvi wa ndoano hapa Luchelele, Mwanza. Navua kwa mtumbwi mdogo na mshipi wa mkono, nalenga sangara. Tangu mvua za vuli zianze, magugu maji yamejaa upande wetu wa ghuba. Niliona video za Wamarekani wakivua samaki aitwaye besi juu ya majani ya ziwani, nao wanasema majira yao ya vuli ndiyo yenye samaki wakubwa. Nikaona nami nijaribu. Naingia alfajiri, nasukuma mtumbwi mpaka katikati ya magugu, natoboa tundu na kushusha chambo. Hii ni wiki ya tatu, nimepata kambale wawili tu. Jamaa mmoja mwaloni ameniuzia chupa ya dawa ya kuita samaki kwa shilingi 15,000, ya kupaka kwenye chambo. Sijaona tofauti. Je, nimekosea kipimo cha dawa, au kuna chambo kingine kinachofaa kwenye magugu?

JIBU: Marahaba, kijana wangu. Habari ya dawa nitaifikia, na nitaisema bila kuuma maneno. Ila kwanza utoe mtumbwi huko katikati, maana hata ukibadilisha chambo mara kumi, hapo hakuna wa kukila.

Kila magugu yanapoingia naulizwa swali hili, na chini yake kuna imani ileile: kwamba penye majani mengi pana samaki wengi. Watu wazima waliozaliwa mwaloni wananiambia hivyo. Wanaona kijani juu, wanadhani chini kuna uhai. Gugu maji halifanyi kazi hiyo. Majani yake yako juu hewani, kwa hiyo hewa safi inayotengenezwa na majani hayo inapotelea angani, haiingii majini. Zulia likishafunga, mwanga haupiti, upepo hauyagusi maji wala kuyachanganya, na mizizi na majani yaliyokufa yanashuka na kuoza. Kuoza kunakula hewa ile kidogo iliyobaki. Nimewahi kushusha kipimo cha hewa chini ya zulia lililokaa wiki kadhaa kwenye ghuba lililojificha, nikakiona kikielekea sifuri, na hatua chache nje ya ukingo kikapanda vizuri tu.

Sangara ni samaki anayetaka hewa nyingi. Pale hawezi kukaa, achilia mbali kuwinda.

Kambale wako wawili walikuwa wanakupa jibu. Kambale ana kiungo juu ya matamvua kinachomwezesha kuvuta hewa ya juu, na kamongo ana mapafu kabisa. Hao ndio wenyeji wa maji yaliyochoka. Ukiingia mahali ukaona wanaopanda kuvuta pumzi ni kambale na kamongo peke yao, geuza kasia.

Kuna ushahidi mwingine ambao wavuvi wengi hawaufikirii. Sangara alipandikizwa ziwani miaka ya 1950 na 1960, akaongezeka ghafla miaka ya 1980, na furu, wale samaki wadogo wa ziwa letu, wa aina nyingi wakatoweka. Lakini si wote. Baadhi ya furu walinusurika kwenye miamba, na wengine kwenye vinamasi vya mafunjo, ndani kabisa, ambako hewa ni kidogo. Wao wanavumilia, mla wao havumilii. Kama sangara angeweza kuishi humo, furu hao wasingekuwepo leo. Kwa hiyo unapotoboa tundu katikati ya magugu, umemfuata sangara mahali ambapo chakula chake kinakwenda kumkimbia.

Sasa hao Wamarekani. Hawakudanganya, ila habari yao ni ya kwao. Besi si sangara wala si jamaa yake wa karibu. Afrika Mashariki aliletwa Naivasha, Kenya, miaka ya 1920, lakini kwenye ziwa letu hatunaye. Na majani wanayovulia juu yake ni mimea iliyoota chini, imezama, majani yake yamo ndani ya maji na mchana yanatoa hewa humo humo. Vuli ya kwao ni kipindi cha maji kupoa. Mimea hiyo inaanza kufa, inayooza inamaliza hewa, na besi anakusanyika kwenye ile iliyobaki mibichi. Mvuvi wa huko anayejua kazi yake anayakimbia majani yanayooza, wewe umeyaingia kwa kasia.

Vuli yetu ni mvua, Oktoba mpaka Desemba, na ziwa halipoi. Baridi ya ziwa hili ni Juni mpaka Agosti, kusi linapovuma na kuyachanganya maji mpaka chini. Kuanzia Septemba hivi, joto linarudi, maji ya juu yanakuwa mepesi, ya chini mazito, na tabaka hizo mbili hazichanganyiki tena vizuri. Kwenye kina kirefu hewa ya chini inapungua, na sangara anapanda au anasogea sehemu zenye kina kidogo. Hapo ulikuwa na haki: majira haya yanaweza kumleta karibu nawe. Umekosea mahali na saa.

Saa nayo ni muhimu. Usiku hakuna jua, kwa hiyo mimea yote, hata ile iliyozama, inavuta hewa bila kutoa. Karibu na alfajiri ndipo hewa inapokuwa chini kuliko wakati wowote, hasa ndani ya magugu. Ukitaka alfajiri, kaa maji ya wazi. Ukitaka ukingo wa magugu, nenda alasiri upepo ukiwa umeshayatikisa maji, ubaki mpaka giza linapokaribia. Mwanga ukififia sangara anasogea kuwinda.

Na si kila ukingo unafaa. Magugu yanatembea na upepo. Zulia lililoingia jana na litakaloondoka kesho si sawa na lile lililokaa wiki tatu kwenye kona isiyo na mkondo. Nusa maji. Yakinuka yai viza, au yakiwa meusi na tope likitoa mapovu, ondoka. Tafuta pale magugu yanapopakana na maji yanayotembea, hasa karibu na mawe au mahali kina kinaposhuka ghafla. Dagaa, uduvi na furu wadogo wanapita kandokando hapo, na sangara anawangoja nje.

Mtumbwi uuweke upande wa maji ya wazi, chambo kiende kwenye ukingo, usifanye kinyume chake. Sangara akishika, atakimbilia mizizi. Ukiwa nje unamvuta kuja kwako, ukiwa ndani umeshampoteza na mshipi juu. Funga chelezo ili ndoano isishuke ikanasa. Chambo hai ndicho bora. Kambale mdogo anakaa hai muda mrefu kwenye ndoano, ndiyo maana wengi wanampenda, lakini kwa kazi ya ukingoni mimi nachagua furu, kwa sababu anakupa taarifa. Ukimshusha akaanza kupanda na kuhema juu, maji hayo hayana hewa, hamisha mtumbwi. Kambale hatakuambia hivyo, yeye anapumua popote. Ukipata sangara chini ya sentimita 50, mrudishe, sheria ndivyo inavyotaka.

Hayo yakiisha, tuje kwenye chupa.

Hujakosea kipimo, kwa sababu dawa hiyo haina kipimo. Sangara mkubwa anawinda samaki anayetembea, hafuati mafuta ya kunukia yaliyochanganywa nyumbani kwa mtu. Na hata kama angevutiwa na harufu, harufu haiwezi kumpa hewa ya kuingia chini ya zulia. Nimeombwa mara nyingi nitaje dawa "ya kweli". Hakuna. Wanaouza wanajua hivyo, ndiyo maana kila msimu jina linabadilika na rangi ya chupa inabadilika, na kila anayelalamika anaambiwa hakufuata masharti. Shilingi 15,000 ni ndoano na mshipi mpya, na chenji inabaki.

Kinachonikosesha usingizi si hasara hiyo. Mvuvi anayeamini kwamba samaki wanapatikana kwa chupa, chupa ya kwanza ikishindwa anauziwa ya pili yenye nguvu zaidi. Hiyo haiiti samaki, inawaua. Sisi wa kanda hii tunalima pamba, na dawa za pamba zimewahi kumwagwa ziwani ili samaki waelee. Mwaka 1999 Ulaya ilifunga soko kwa samaki wa Ziwa Victoria kwa sababu ya uvuvi wa sumu. Viwanda vya minofu vilitikisika, na mvuvi ambaye hakuwahi kugusa sumu akakosa mnunuzi pamoja na aliyeigusa.

Sumu za namna hiyo hazichagui. Zinaua vifaranga na uduvi wanaoliwa na vifaranga, na mlaji anaweza kutapika, kutetemeka mpaka kuzimia, au kufa. Kuchoma au kukaanga hakumsafishi samaki huyo. Sheria ya Uvuvi ya mwaka 2003 inakataza kabisa kuvua kwa sumu, na utupa wa mababu, ule mmea wa kulevya samaki, umo pia, kwa hiyo mtu asikuambie "hii ni ya mitishamba tu". Ukiletewa mwaloni samaki wengi wasio na alama ya ndoano wala ya wavu, kwa bei ya kutupa, usinunue, wala usimpelekee mama nyumbani apike. Waambie BMU, kikundi cha kusimamia uvuvi cha mwalo wenu, siku hiyohiyo.

Sisemi kwamba hiyo chupa yako ni sumu. Sijaiona. Lakini hata wewe hujui kilichomo, na umekuwa ukiipaka kwa vidole kwenye chambo, kisha ukishika mkate kwa vidole hivyohivyo. Acha kuitumia leo. Usiimwage ziwani, usiitupe chooni, na usimpe mwenzako ajaribu bahati yake. Ifunge kwenye mfuko, iweke mbali na watoto, uipeleke kwa afisa uvuvi wa eneo lenu na umweleze uliipata wapi. Ndoano na mikono osha kwa sabuni nyumbani, mbali na maji ya kunywa, kabla ya kurudi ziwani hiyo alasiri.