Muulize Mwalimu wa Kinanda: Mtoto Mdogo na Kreti ya Soda

Barua za mwezi huu karibu zote zimetoka kwa wazazi wa watoto wadogo. Nadhani ni likizo. Mtoto akikaa nyumbani wiki moja anaanza kugonga kila kinachotoa sauti, na mzazi anakumbuka kwamba kuna mtu anaitwa mwalimu wa muziki.

*Mwalimu, shikamoo. Binti yangu ana miaka minne na nusu. Jumapili hakai na mimi, anakwenda kusimama nyuma ya mpiga kinanda mpaka misa iishe. Baba yake anasema tusubiri afike darasa la pili. Jirani yangu, ambaye mwanawe ameshaanza, anasema tukichelewa vidole vitakomaa. Tumsikilize nani? – Mama wa Kimara*

Marahaba, mama. Jirani mwache kwanza. Vidole havikomai. Mwaka jana nilimpokea mama wa miaka 61, mstaafu, ambaye hakuwahi kugusa kinanda maishani, na Kwaresima iliyopita alipiga wimbo mzima kwa mikono miwili. Polepole, lakini mzima.

Baba yake hajakosea sana. Watoto wengi huwa tayari kati ya miaka mitano na saba. Ila mimi mtoto akiletwa siulizi sana umri. Nampigia makofi manne nione kama atayarudisha yalivyo. Namwomba anionyeshe mkono wa kushoto. Kisha namsimulia hadithi ya sungura na fisi, na kama ametulia mpaka sungura akatoroka, najua atatulia pia kwenye kiti. Binti anayesimama nyuma ya mpiga kinanda misa nzima, bila kutumwa, huyo kwenye hadithi ya sungura ameshafaulu.

Kuna swali ambalo hukuniuliza, nalo kwangu lina uzito kuliko miaka yake: nyumbani atakaa na nani? Mimi nitamwona nusu saa kwa wiki. Siku sita zilizobaki ni zenu. Shinichi Suzuki, yule Mjapani aliyejulikana kwa kufundisha watoto wadogo fidla, alitaka mzazi aingie darasani na mtoto, asikilize, na nyumbani awe ndiye mwalimu. Sifuati njia yake yote, kusoma nota anakuchelewesha mno kwa ladha yangu, lakini hapo alipatia.

Mimi mwenyewe nilianzia kwenye kinanda cha kukanyaga, cha parokia, kule Kilimanjaro, nikiwa na miaka sita. Kinanda kile hakitoi sauti bila upepo, na upepo unatoka miguuni mwa mpigaji. Miguu yangu haikufika. Basi kaka yangu alilala sakafuni akasukuma mapedeli kwa mikono, mimi juu nikapiga. Akichoka, wimbo unazimika katikati ya ubeti kama taa ya chemli iliyoishiwa mafuta. Mwalimu wetu alitupa vibao vya aina mbili, vya kinanda na vya shavuni, na wenzangu watano waliacha kabla ya mwaka kuisha. Mimi nilibaki kwa ajili ya yule aliyelala chini. Ningemwambiaje kwamba leo siendi, na yeye ameshavua shati?

Kwa hiyo, mama, kama wewe au baba yake mnaweza kukaa kando yake dakika 10 kila siku, saa ileile, tuseme baada ya kuoga na kabla ya chakula, mlete hata kesho. Kama hamwezi, mngojeeni huyo wa darasa la pili, maana angalau atajikumbusha mwenyewe. Na dakika 10 ni 10 kweli. Saa nzima ya Jumamosi haifidii wiki iliyolala, na mtoto wa miaka minne ukimshikilia nusu saa unamfundisha kukichukia kile kiti.

Tukizungumzia kiti: wazazi wengi huweka kibodi juu ya meza ya chakula. Meza ya chakula ina sentimita 75 hivi, ongeza unene wa kibodi, mtoto anapiga kama anayechungulia dirishani. Mabega yanapanda, viganja vinaning'inia. Viwiko vinatakiwa vilingane na vibao au vizidi kidogo. Tafuta stendi inayoshuka, au mpandishe mtoto kwa mto mgumu. Akishapanda, miguu nayo inaning'inia, na mtoto ambaye miguu inaning'inia hawezi kutulia, anatafuta ardhi muda wote. Kwangu chini ya piano kuna kreti ya soda iliyofunikwa kipande cha zulia. Kila mwanafunzi mdogo ameikanyaga, na wapo ambao leo wananipita kimo.

Miezi ya mwanzo usitarajie nyimbo za kualika wageni. Tunaanza na vibao vyeusi, maana vimepangwa viwili viwili na vitatu vitatu, na mtoto anavipata hata akifumba macho. Vile viwili tunaviita pacha. Kibao cheupe kilicho kushoto kwa pacha ni C, popote pale. Vidole vina namba: gumba ni 1, kidole cha mwisho ni 5, mikono yote miwili. Mkono uwe kama umeshika chungwa. Basi. Mengine anaimba kwanza kwa mdomo ndipo anatafuta kwa kidole, na akiimba vibaya hatugusi kinanda mpaka aimbe vizuri.

*Mwalimu, mimi ni besi kwenye kwaya ya usharika wetu miaka 14 sasa. Solfa (do re mi) nasoma bila shida. Nina kijana wa miaka sita na nimenunua kibodi. Je, naweza kumfundisha mwenyewe, niokoe ada? – Baba Kijana, Iringa*

Unaweza kumwanzisha, na utamwanzisha vizuri kuliko walimu wengi, kwa sababu sikio lako limefunzwa. Lakini kuna shimo moja mbele yako, na wanakwaya wengi nimewatoa humo.

Solfa yetu, ile iliyoenezwa Uingereza na John Curwen katika karne ya 19 na kufika huku na wamisionari, ina do inayohama. Chukua karatasi yoyote ya kwaya, juu pembeni imeandikwa Do = G, au Do = F. Maana yake leo do inakaa hapa, wimbo ujao inahamia kule. Kwa mwimbaji hiyo ni neema, kwani umbali kati ya do na mi haubadiliki. Kinanda hakihami. Kibao cha C kitakuwa C mpaka kife.

Sasa baba anamwonyesha mtoto kibao cha C na kumwambia, "Hii ni do." Mtoto anaamini. Mwezi wa tatu unatoka wimbo wa Do = G, baba anapiga G na kuiita do, na mtoto anamtazama baba yake kama mtu aliyedanganya. Nimemwona mmoja akilia kabisa, na kosa halikuwa lake.

Vibao viite kwa herufi tangu siku ya kwanza: C, D, E, F, G, A, B. Solfa iwe ya mdomoni. Mwimbishe do re mi kutoka C, kesho mwimbishe kutoka G, umwache agundue mwenyewe kwamba kutoka G, ili ti, ile sauti ya saba, isikike sawa, lazima aguse kile cheusi kinachoitwa F kali. Mtoto wa miaka sita akigundua hilo kwa sikio lake, hutakaa umweleze skeli ya G, yaani ngazi ya sauti inayoanzia G, tena.

Nota za mistari mitano usizikimbilie, ila usizikwepe pia kwa kuwa wewe huzijui. Hapo ndipo ada inapokuwa na kazi. Mpe mwaka mmoja, kisha tafuta mwalimu, nawe ukae darasani ujifunze. Besi anayesoma nota za mistari hakosi kazi kwenye kwaya.

*Mwalimu, kuna familia inahama hapa Tanga na wanatuachia piano ya zamani, ya mbao, ya kusimama. Wanasema ni bure, tulipie usafiri tu. Watoto wetu wana miaka mitano na minane. Tuichukue? – Mzazi, Tanga*

Ngoja kwanza. Piano ya bure imewahi kunigharimu kuliko kitu chochote nyumbani isipokuwa paa.

Yangu niliipata hivyohivyo, kwa watu waliokuwa wanahama. Wabebaji sita, maana piano ya kusimama inavuka kilo 200 bila wasiwasi, na ngazi zetu nyembamba. Masika ya kwanza vibao 11 viligoma: ukibonyeza vinazama, havirudi. Nilipofungua chini nikakuta panya wamejenga kwa kutumia manyoya ya nyundo zangu, na upande wa kushoto unga laini wa mchwa. Fundi alikuja, akaitazama kwa muda mrefu, akaniuliza kama nina mkaa wa kutosha, kwani kuni zingenisaidia. Alikuwa anatania, lakini hakucheka.

Ndani ya piano kuna nyuzi zaidi ya 200 za chuma, zimevutwa kwa nguvu ambayo kwa jumla inapita tani 15. Zimefungwa kwenye vigingi, na vigingi vimeshikwa na ubao. Pwani, hewa yenye maji na chumvi inakula nyuzi, na mbao inavimba masika na kusinyaa kaskazi. Ubao ule ukilegea, fundi atatyuni, yaani atakaza nyuzi zirudi kwenye sauti zake, asubuhi na jioni sauti imeshashuka.

Nenda na kijana mwenye tochi. Bonyeza vibao vyote 88, kimoja kimoja, 52 vyeupe na 36 vyeusi, polepole, usikilize kila kimoja kama kinarudi. Fungua ubao wa chini, tazama kutu kwenye nyuzi nene, tafuta unga wa mchwa, nusa. Uliza ilityuniwa lini na nani, na kama huyo fundi yupo bado. Swali hili la mwisho ndilo la maana kuliko yote kwa mtu wa Tanga. Kama fundi wa karibu ni wa Dar es Salaam au Mombasa, utamlipia nauli na malazi kila akija, na inatakiwa aje walau mara moja kwa mwaka.

Ikifaulu yote hayo, ichukueni, na muiweke kwenye ukuta wa ndani, mbali na dirisha na jua. Hakuna kibodi inayomfundisha mtoto kugusa kama nyundo halisi inavyomfundisha.

Ikifeli hata moja, shukuruni kwa heshima na mnunue kibodi. Yenye vibao 61 inatosha kwa miaka miwili ya mwanzo, ila viwe vya ukubwa wa kawaida, si vya mwanasesere, na iwe inasikia nguvu ya kidole: ukigusa kidogo sauti ndogo, ukigonga sauti kubwa. Dukani jaribu hilo kabla ya kusikiliza zile midundo mia mbili ambazo muuzaji atakuwashia. Inayokubali betri ni bora zaidi, umeme ukikatika saa ya mazoezi mtoto asipate kisingizio. Huyo wa miaka minane akishika kasi, baadaye mtafikiria piano ya umeme yenye vibao 88 vizito.

*Habari Mwalimu. Mtoto wangu ana miaka sita na amesoma piano miezi mitano. Mwalimu wake anataka kumsajili mtihani wa Gredi ya 1 wa ABRSM, ile bodi ya Uingereza ya mitihani ya muziki. Siku hizi akisikia piano analia. – Mama Nakuru*

Pole, mama. Mwambie mwalimu asubiri. Mtihani ule hauna umri wa chini wala wa juu, hakuna treni inayomwacha. Gredi ya 1 ya kufanya mbele ya mtahini ina vipande vitatu, skeli, kusoma nota papo kwa papo na majaribio ya sikio, na miezi mitano kwa mtoto wa miaka sita ni kumkaririsha vipande vitatu mpaka avichukie. Mtihani ni mzuri kwa mtoto anayeutaka. Huyu anautaka nani? Muulize mwalimu hivyo, kwa upole, na wiki mbili hizi mtoto apige anachotaka yeye, hata kama ni tangazo la biashara la kwenye televisheni.

*Je, ni lazima kucha za mtoto zikatwe? – Msomaji, Morogoro*

Ndiyo, ziwe fupi kabisa. Zikigonga vibao nazisikia kabla ya sauti ya piano. Na zako pia, kama ndiwe unayekaa naye.