Programu ya honazi Marekani: niliyoyapitia mpaka tasnifu ikasainiwa

Wiki iliyopita mdogo wangu mmoja aliyepata nafasi chuo kikuu huku Marekani alinipigia simu kuniuliza kama akubali mwaliko wa programu ya honazi (kwa Kiingereza, honors). Barua aliyotumiwa ilijaa picha za majengo mazuri na maneno ya kumsifu, lakini haikumwambia kazi yenyewe ni ipi. Tuliongea karibu saa nzima. Nimeona niyaandike na hapa, maana najua hayuko peke yake.

Kwanza tutenganishe mambo. Mtu wa nyumbani akisikia honazi anafikiria daraja la shahada: daraja la kwanza, daraja la pili la juu. Tanzania ukimaliza na GPA, yaani wastani wa alama, ya 4.4 hadi 5.0 umepata daraja la kwanza, na hupatikana kwa alama tu. Marekani nao wana sifa ya namna hiyo, ile ya Kilatini inayoandikwa kwenye cheti, cum laude na wenzake, na hiyo haidai ujiunge na chochote. Shahada ya heshima ni jambo jingine kabisa. Hiyo hupewa marais na watu mashuhuri. Programu ya honazi unaiomba, unakubaliwa, kisha sehemu ya krediti zako, yaani vipimo vya masomo unavyokusanya mpaka shahada, mara nyingi kati ya 18 na 30 katika zile 120 za shahada, unazisomea kwenye madarasa madogo au kwa kazi ya ziada. GPA isishuke chini ya kiwango chao, ambacho kwa kawaida ni kama 3.3 au 3.5 kati ya 4.0. Na vyuo vingi vinakutaka umalizie kwa tasnifu.

Wazo hili lina miaka mia moja na zaidi. Frank Aydelotte, Mmarekani aliyesoma Oxford kwa ufadhili wa Rhodes, alikuwa mkuu wa chuo cha Swarthmore, Pennsylvania. Mwaka 1922 alianzisha utaratibu wa wanafunzi wa miaka miwili ya mwisho kukaa wachache na mwalimu, wakisoma na kubishana badala ya kuandika tu kinachosemwa ubaoni, halafu wakatahiniwa na wasomi wa kutoka nje ya chuo. Swarthmore bado wanaleta watahini wa nje hadi leo. Nalitaja hili kwa sababu ndilo linalonisaidia kumjibu mtu anayeniuliza kama honazi ina faida. Asili yake ni kukaa karibu na mwalimu. Mwanafunzi anayeingia kisha akawakwepa walimu amejiongezea mzigo bure.

Mimi niliingia kwa kuchelewa. Tulifika Kentucky na mama kwa bahati nasibu ya viza, nikaanzia chuo cha jamii miaka miwili huku nikifanya kazi ya usiku kwenye nyumba ya kutunzia wazee. Nilipohamia chuo kikuu nikiwa mwaka wa tatu niliamini nafasi hizo ni za waliotoka sekondari na alama za kutisha. Nikauliza tu, nikaambiwa kuna njia ya wanaohamia, krediti 15 na tasnifu. Kwa hiyo nakuomba, uliza hata kama tovuti yao iko kimya. Nenda ofisini kwao, kaa kwenye kiti, uliza. Uliza na kuhusu pesa pia, kwa sababu programu nyingine zinatoa ufadhili na nyingine zinatoza ada juu ya karo.

Insha ya maombi niliiandika mara tatu. Ya kwanza ilihusu shida: safari, baridi, kazi ya usiku. Yote yalikuwa kweli, lakini mshauri wangu wa masomo alipomaliza kusoma aliniuliza, "Sawa, na wewe unataka kujua nini?" Sikuwa na jibu. Nikarudi nyumbani na lile swali.

Jibu nilikuwa nimeliona miezi kadhaa nyuma, hospitalini. Kentucky imepokea Wakongo wengi, na baadhi yao waliishi miaka mingi katika kambi ya Nyarugusu, Kigoma. Kuna mzee mmoja nilimkuta amekaa chumba cha kusubiria tangu asubuhi. Alikuwa na miadi ya saa nane mchana. Karani alimwambia mjukuu wake "two o'clock", na mtoto, aliyekulia huku, akamwambia babu yake "saa mbili". Babu akafika saa mbili asubuhi, kama alivyoambiwa. Tofauti ya saa sita, na hakuna hata mmoja kati yao aliyekosea kwa lugha yake. Nikajiuliza, kama miadi inakwenda hivi, dawa je? Anayeambiwa ameze kidonge saa mbili usiku anameza saa ngapi?

Hiyo ndiyo insha iliyonipa nafasi, na ndiyo iliyokuja kuwa tasnifu yangu. Usisubiri mwaka wa mwisho ndipo uanze kutafuta mada. Wenzangu wengi niliowaona wakiacha honazi hawakushindwa madarasa. Walifika mwaka wa nne wakiwa na GPA nzuri, bila swali na bila mwalimu anayewajua, wakapewa fomu ya tasnifu, wakaiangalia wiki moja, mbili, kisha wakajiondoa kimya kimya. Inauma, kwa sababu kazi yote ya nyuma walikuwa wameshaifanya.

Kuhusu madarasa sina mengi ya kusema. Ni madogo, watu kama 20, na huwezi kujificha. Ukizoea shule zetu ambako kumkatiza mwalimu ni utovu wa adabu, miezi miwili ya kwanza utateseka. Nilijiwekea sharti la kusema jambo moja kila kipindi, hata kama ni swali. Kiingereza chako chenye lafudhi hakina tatizo lolote, sema.

Jambo la kuwa macho nalo ni mkataba wa honazi. Chuo kisipokuwa na darasa la honazi katika somo lako, unaweza kukubaliana na mwalimu wa darasa la kawaida akupe kazi ya ziada, mkasaini, na darasa likahesabika. Mimi nilifanya hivyo kwenye takwimu. Lakini mkataba una tarehe yake, kwa kawaida wiki chache za mwanzo wa muhula. Muhula mmoja nilichelewa siku mbili tu, nikapoteza krediti tatu za honazi, ikanibidi nizitafute kwenye muhula ambao tayari ulikuwa umeelemewa. Siku ya kwanza ya darasa, kabla hujapoa, mwendee mwalimu na fomu mkononi.

Na kuna faida moja ambayo kwenye barua zao wanaiandika kwa mstari mmoja, nami iliniokoa: wanafunzi wa honazi hujiandikisha madarasa kabla ya wengine. Kwa mtu anayefanya kazi za usiku hiyo ni mali. Niliweza kubana madarasa yote Jumanne na Alhamisi, nikapata siku za kulala.

Sasa tasnifu. Walimu wawili niliowaomba wanisimamie walikataa, mmoja kwa upole, mwingine hakujibu barua pepe zangu. Wa tatu nilikuwa nimekwenda ofisini kwake mara nyingi katika saa zake za kuonana na wanafunzi, kwa maswali ya darasa lake, kabla hata sijafikiria kumwomba. Alikubali palepale. Naamini zile ziara ndizo zilizoniombea. Kisha akaanza kunipunguza. Nilimpelekea mada "Wakimbizi na afya Marekani". Akasema hiyo ni kazi ya watu kumi kwa miaka kumi. Nikarudi na "Ukalimani hospitalini". Akatikisa kichwa. Mara ya nne nilimpelekea neno moja, saa, na namna linavyovuka kutoka Kiingereza kwenda Kiswahili mtu anapoelekezwa dawa na miadi. Akafunga daftari lake, akasema tuanze.

Ukitaka kuhoji watu, ujue lazima upite kwenye kamati ya maadili ya utafiti. Unasoma mafunzo ya mtandaoni, unaandika mpango, unapeleka fomu ya ridhaa ambayo mshiriki atasaini, na ikiwa washiriki hawasomi Kiingereza unapeleka na tafsiri yake. Mimi ilinichukua wiki tisa kwa sababu walinirudishia mara mbili. Anza muhula mmoja kabla ya siku unayotaka kumhoji mtu wa kwanza.

Ile fomu ndiyo iliyonifundisha zaidi ya kitu chochote. Kiingereza chake kina sehemu ya lazima inayoeleza madhara yanayoweza kumpata mshiriki. Nilitafsiri kichwa chake kwa neno lililonijia haraka: Hatari. Mtu wa kwanza kumsomea alikuwa mama mmoja wa Fizi, kule Kongo, mtu mzima, aliyenikaribisha chai kabla sijakaa. Nilipofika pale akainua mkono.

"Mtoto yangu, kama iko hatari, juu ya nini unaniletea hii karatasi?"

Nikamweleza kwamba maana yake ni kuwa huenda swali fulani likamkumbusha jambo la kuumiza, na akitaka anaweza kunyamaza. Akasema basi ningeandika hivyo. Alikuwa na haki. Nilirudi kwenye kamati na fomu mpya, kichwa kikisomeka "Mambo yanayoweza kukusumbua", na sikumhoji mpaka ilipoidhinishwa. Nilipoteza karibu wiki tatu, nikapata ukurasa mzuri kuliko zote katika tasnifu yangu. Kwa hiyo ukikwama, andika mahali ulipokwamia. Mara nyingi ndipo penye kazi yenyewe.

Pesa za utafiti zipo, ziombe. Ofisi nyingi za honazi zina ruzuku ndogo za wanafunzi. Mimi nilipata dola 800, zikanitosha kwa kinasa sauti na zawadi ndogo za washiriki. Kama una ukaazi wa kudumu au uraia, kipato cha nyumbani ni kidogo na wazazi wako hawakupata shahada, ulizia programu ya McNair iliyopewa jina la mwanaanga Ronald McNair aliyefariki katika chombo cha Challenger mwaka 1986. Inawaandaa wanafunzi kwa shahada za uzamivu na inawalipa posho ya utafiti. Wenye viza ya mwanafunzi hawaruhusiwi McNair, lakini kwa kawaida honazi yenyewe iko wazi kwao.

Kuandika niliandika alfajiri, nikitoka kazini, kabla ya kulala. Kurasa mbili kwa siku, nzuri au mbaya. Msimamizi alitaka kitu mkononi kila wiki mbili na sikuwahi kwenda mikono mitupu, hata ilipokuwa aya nne tu. Mwanafunzi anayejificha kwa sababu hajaandika vya kutosha anazidi kujificha. Nimeliona kwa rafiki wa karibu na sikuweza kumtoa.

Utetezi wa tasnifu, yaani kujibu maswali ya walimu ana kwa ana, ulichukua saa moja na robo. Watu watatu mezani, mama yangu kwenye kiti cha nyuma na gauni lake la sikukuu. Msomaji wa pili aliniuliza kwa nini sikuwahoji wauguzi. Nilijibu ukweli: muda haukutosha, na hilo nimeliandika kwenye sura ya mwisho. Akaitikia kwa kichwa. Wakanitoa nje dakika kumi, wakaniita, ukurasa wa saini ukiwa umeshasainiwa.

Ukiniuliza kama waajiri wanaijali honazi, kwa niliyoyaona, wachache. Nilipoomba shahada ya uzamili ndipo ilipoonekana, kwa sababu msimamizi wangu aliweza kuandika kurasa mbili kuhusu mtu anayemfahamu. Kama huna hamu ya kukaa mwaka mzima na swali moja, kataa mwaliko kwa amani na usome shahada yako vizuri. Kama hamu unayo, kubali, hata ukiwa umechelewa, hata ukiwa unafanya kazi usiku.

Nilichapa nakala moja ya ziada nikampelekea yule mama wa Fizi. Akaifungua katikati, akapitisha kidole kwenye mistari ya Kiingereza, akaniuliza jina lake liko wapi. Nikamkumbusha kwamba fomu aliyosaini ilimwahidi jina lake halitaandikwa. Yeye ni Mshiriki wa Saba. Nikamwonyesha ukurasa wenye maneno yake kuhusu hatari, kwa Kiswahili chake mwenyewe kama alivyoyasema, na tafsiri chini yake. Akamwita mjukuu wake kutoka chumbani, akamwambia asome kwa sauti, kwanza Kiswahili, halafu Kiingereza.