Vifungo vya shati la Baba

Mhariri, wiki hii mmeuliza: "Mzee akianza kusahau, ni uzee tu au ni ugonjwa?" Najibu kwa sababu hilo neno "uzee tu" ndilo lililotuchelewesha sisi, nyumbani kwetu Machame.

Ilikuwa Jumapili. Tunamsubiri Baba uani twende ibadani, yeye yuko ndani anafunga vifungo. Nilipoingia nikakuta kifungo cha juu kimeingia tundu la tatu. Akakifungua, akaanza upya, kikaingia palepale. Mara nne. Vidole havikutetemeka, ila akifika katikati anasimama, analitazama lile shati kama la mtu mwingine. Nikamfungia mimi. Mdogo wangu akasema, "Baba, uzee umepiga hodi," tukacheka, na mwenyewe akacheka. Kanisani aliimba bila kitabu, beti zote. Jioni akalivua shati bila msaada wa mtu. Tukaona yamekwisha.

Shangazi alishuku mkono wa mtu. Miezi mitano baadaye Baba alianguka bafuni. Hospitalini presha ikasoma 190 kwa 110, na picha ya kichwa ikaonyesha makovu madogo madogo, mengine ya zamani. Daktari akatuambia ni viharusi vidogo vilivyopita kimyakimya. Dawa za presha Baba alikuwa ameziacha zamani: haumwi popote, azimeze za nini?

Ubongo ni kama asilimia 2 tu ya uzito wa mwili, lakini unakula karibu asilimia 20 ya oksijeni, na hauna ghala. Sehemu inayofanya kazi ndiyo inayofunguliwa damu zaidi, kama mfongo wetu, mfereji wa kumwagilia mashamba, unavyofunguliwa kuelekea shamba la mwenye zamu. Umri ukienda, kuta za mishipa hukakamaa na damu huchelewa kufika inapohitajika. Presha iliyoachwa huimaliza ile mishipa midogo kabisa iliyo ndani.

Nilishika kalamu niseme si uzee, ni presha. Sasa nasita. Mama ana miaka 79, presha yake iko sawa, dawa hakosi, na majina ya wajukuu anayatafuta vilevile. Hata utafiti mkubwa wa Marekani uliotoka 2019, wa watu wa miaka 50 na zaidi, ulikuta kwamba namba ya juu ya presha ikishushwa chini ya 120, wanaoanza kupungukiwa kumbukumbu wanakuwa wachache. Lakini kwa ugonjwa wenyewe wa kusahau tofauti haikuthibitika.

Kwa hiyo ndiyo, uzee umo, na pengine sehemu kubwa. Nakubali hivyo kwa Mama, anayepungua taratibu, mwaka hadi mwaka. Kwa Baba sikubali. Kitu kilichozuka asubuhi moja tu, hata kama jioni kiliisha, kilikuwa cha kupelekwa hospitali siku ileile, na mimi nilikifunga vifungo nikakipeleka kanisani.