Programu usiyoijua: anza na --help, -h iache kwanza

Mkuu, umeuliza kwa nini kila programu ya terminali (dirisha la kuandikia amri) ina namna yake ya kuombwa maelekezo, na ujaribu ipi kwanza. Kazi yangu ni kushinda kwenye seva za watu, na nyingi zina programu ngeni kwangu. Kwa programu nisiyoijua naandika --help, kirefu hivyo hivyo. -h siigusi.

Hiyo herufi moja kila mtu kaichukua kwa shughuli zake. Kwa df na du, zinazopima nafasi ya diski, -h inaonyesha ukubwa kwa K, M na G badala ya tarakimu ndefu. Kwa grep, inayotafuta maneno ndani ya faili, inaficha majina ya faili. Kwa psql na mysql, za kuingilia hifadhidata, inasubiri uitajie jina la seva. Hapo hakuna madhara. Sasa njoo kwa shutdown: kwenye Linux zenye systemd (kisimamizi cha huduma za mfumo), ukiwa root (mtumiaji mwenye mamlaka yote) ukapiga shutdown -h bila kutaja muda, umeagiza mashine izimwe baada ya dakika 1. Ukiwahi, shutdown -c inafuta agizo.

--help inatokana na kanuni za mradi wa programu huria wa GNU, zinazotaka kila programu iwe nayo pamoja na --version. Hata programu isiyoitambua kwa kawaida italalamika, kisha ikutajie opsheni inazozijua, nawe utakuwa umepata ulichotaka.

Waliotoka Windows wamezoea /?, wakifika huku wanajaribu -?. Tatizo ni kwamba alama ya ? ni ya sheli (programu inayosoma amri unazoandika), inasimama badala ya herufi yoyote moja. Sheli ya zsh itagoma kabla programu yenyewe haijaitwa. Iweke ndani ya nukuu: '-?'.

Git, ya kutunza matoleo ya msimbo, nayo ina tabia yake, na mimi naipenda: git commit -h inakupa muhtasari, git commit --help inafungua mwongozo mzima. Go, ya lugha ya programu ya jina hilo, inataka go help build. Amri za ndani ya sheli ya bash, kama cd, utazipata kwa help cd.

Ninazoziogopa hasa ni skripti za watu binafsi. Skripti isiyokagua ulichoandika mbele ya jina lake haijui --help ni mdudu gani. Itaendelea na kazi yake, hata kama kazi yenyewe ni kufuta bakapu. Hizo zifungue kwa less (programu ya kusomea faili ukurasa kwa ukurasa) usome kwanza.

Na ukiandika programu yako: mtu akiomba msaada, maelezo yatoke kwenye mkondo wa kawaida na programu imalize kwa namba 0 (maana yake mambo yamekwenda sawa), ili --help | less ifanye kazi. Akikosea opsheni, mistari miwili mitatu kwenye mkondo wa makosa inatosha, na namba ya kumalizia isiwe 0. Zipo zinazomwaga kila kitu kwenye makosa hata ukiziomba kistaarabu; kwa hizo ongeza 2>&1 (inaunganisha mkondo wa makosa na ule wa kawaida) kabla ya | less.