Mdudu wa Nili asiyeuma lakini analeta pumu

SWALI: Ndugu Mhariri, shemeji yangu aliyesoma Khartoum anasimulia kwamba kila msimu wa baridi wadudu wadogo wa kijani, waitwao nimiti, walizizonga taa za mji, na watu wengine wakabanwa kifua. Mdudu asiyeuma anawezaje kumtia mtu maradhi? Je, ndiye yule anayepanda kama moshi juu ya ziwa letu? – Msomaji, Mwanza.

JIBU: Shemeji yako amesema kweli. Jina la kisayansi la mdudu huyo ni Cladotanytarsus lewisi, na Wasudani humwita nimiti wa kijani ili kumtofautisha na nimiti mweusi, ambaye ni wa jamii ya visubi. Anafanana na mbu, ila hana mdomo wa kufyonza damu, na akishaota mabawa huishi siku chache tu.

Sehemu kubwa ya maisha yake hupita chini ya mto, ambako mabuu hujijengea vijumba vya tope na mchanga, wakila mwani na masalia ya mimea. Mafuriko ya Nili ya Buluu, kuanzia Julai hadi Septemba, hushuka na tope jingi kutoka nyanda za juu za Ethiopia. Yanapopungua, maji hutulia na kutakata, mwanga ukafika chini na mwani ukastawi. Mabwawa ya Sennar (1925) na Jebel Aulia (1937) yaliongeza maji ya namna hiyo, kwa hiyo lawama zote tusimtupie mdudu.

Madhara yake yanatokana na hemoglobini, ambayo mabuu huitumia kuhifadhi oksijeni topeni na ambayo masalio yake hubaki katika mdudu mzima. Mizoga ikikauka husagika ikawa vumbi, na mtu akilivuta anaweza kupata mzio: mafua, macho kuwasha, hata pumu. Utafiti uliochapishwa mwaka 1978 ulionyesha kwamba mzio huo umeenea kaskazini mwa Sudan.

Wale wa Mwanza wengi ni Chaoborus, ambao mabuu yao ni maangavu kama kioo, ingawa jamaa wa nimiti pia humo wamo. Wakivamia nyumba, zima taa za nje, funga madirisha, na mizoga yao uifute kwa kitambaa kibichi. Ufagio mkavu hulirusha vumbi lile lile hadi puani.